Jumatatu Bila Maharagwe

Jumapili, 28 Agosti

Naandika kwa sababu hapa sina wa kuzungumza naye. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu Hermilo, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko letu kule kijijini Chan Tunil, Yucatán, kusini, wakati mimba ya binti yangu Addy ina miezi minane na mimi siwezi kuinama wala kukimbia. Shuleni sijawahi kuingia hata kufagia. Kwa hiyo maneno yakipinda, yamepinda tangu ukutani.

Sasa niko García, karibu na Monterrey, jimbo la Nuevo León, kaskazini mbali, nyumbani kwa huyo huyo Addy. Hermilo alituacha mwezi wa pili. Addy akasema mama mwenye sukari hawezi kukaa peke yake. Nikamwambia sukari ni yangu, wewe inakuwasha nini. Akalia. Mimi nikililiwa na mtoto wangu nakubali chochote, ndiyo udhaifu wangu.

Nilimpa sharti moja tu. Mwisho wa Oktoba anirudishe nyumbani kwa siku za wafu. Huu ni mwaka wa kwanza wa Hermilo. Marehemu wa mwaka wa kwanza anarudi kwake na njaa, hajazoea njia, na akikuta mlango umefungwa na meza haina kitu anaondoka vilevile, tena kwa aibu. Addy alichora msalaba kwa vidole akaubusu. Ameahidi.

Jumatatu, 29 Agosti

Kwetu Jumatatu ni maharagwe meusi na nguruwe. Si kwangu tu. Ukipita njiani mchana, harufu ni moja kuanzia kanisani mpaka kwa mwuza vifuniko vya sufuria. Hapa leo tumekula mayai yaliyokorogwa na nyama kavu, na chapati za ngano. Nikauliza, kwani nyie Jumatatu mnakula nini? Mkwe wangu Rogelio akasema, "Chochote tu, mama mkwe."

Chochote. Watu kama hawa wanajuaje kwamba wiki imekwisha?

Jumatano, 31 Agosti

Joto kavu. Vumbi la machimbo ya mawe linaingia hata kwenye glasi ya meno. Kwetu nalala kwenye machela ya nyuzi inayoning'inia. Hapa wamenipa kitanda, nalala chali kama maiti anayesubiri kuoshwa.

Jumatatu, 5 Septemba

Hakuna maharagwe. Supu ya tambi.

Alhamisi, 8 Septemba

Jirani wa ukuta wa kulia anaitwa Bi Herlinda. Ana mti umezaa mpaka matawi yanaangukia kwetu. Nikachuma tunda, nikalikuna ganda kwa ukucha, nikanusa. Danzi. Danzi halisi, lile la kukamulia nyama. Nikampigia kelele juu ya ukuta: "Dada, unayafanyia nini haya?"

"Hayaliwi hayo, mama. Machungu. Mti wa kivuli tu."

Nikamwona akiyafagia yaliyoanguka na kuyatia kwenye pipa la taka pamoja na kinyesi cha mbwa. Tangu hapo simpendi.

Jumatatu, 12 Septemba

Leo nimesema potelea mbali, nikapika mwenyewe. Maharagwe ya dukani, ngozi yake ngumu kama kifungo. Majani ya epazote, yale ya kunukisha maharagwe, hakuna. Pilipili mbuzi nilizipata tatu ndani ya karatasi ya nailoni, zimelala kama wagonjwa. Nguruwe alikuwa nguruwe, namshukuru.

Wote wakasema tamu. Addy, tamu mama. Mjukuu wangu Yareli, wa miaka minane, tamu bibi. Rogelio akafuta mdomo, "Tamu sana, mama mkwe," halafu akainuka akajipashia kipande cha nyama ya ng'ombe. Sahani zote zilibaki nusu.

Hermilo hakuwahi kuniambia tamu hata siku ya harusi. Kila siku ya Mungu, kijiko cha kwanza tu: "Imepungua chumvi, Fidelia." Na mimi kila siku: "Chumvi iko mezani, mikono ni yako." Akachota chumvi, akala, akaongeza, akafuta sahani kwa chapati ya mahindi mpaka ikang'aa. Nilimchukia kwa hilo miaka yote. Leo ningelipa jino kulisikia.

Jumamosi, 17 Septemba

Hasira haijashuka, lakini nitaandika.

Nilikuja na kitu kimoja cha thamani. Si dhahabu. Donge la kiungo cheusi, kubwa kama ngumi mbili, limefungwa kwenye jani kisha nailoni. Ni pilipili zilizochomwa mpaka zikawa mkaa, zikaoshwa, zikasagwa na mbegu za zingifuri na vitunguu saumu. Pilipili zenyewe Hermilo alizipanda mwaka jana. Zilikuwa za mwisho mkononi mwake. Kwa siku za wafu kila nyumba inaoka pibi, ule mkate mkubwa wa unga wa mahindi wenye kuku na maharagwe ndani, unazikwa ardhini na mawe ya moto. Pibi la watu wengine lina mchuzi mwekundu. Hermilo alitaka lake liwe jeusi ndani. Donge lile lilikuwa la meza yake.

Jana marafiki wa Rogelio walikuja kuchoma nyama, kama kila Ijumaa. Rogelio akatafuta nafasi ya bia kwenye friji. Akakuta kitu cheusi, laini, kinanuka moto. Akakitupa. Gari la taka limepita asubuhi.

"Nilidhani ni dawa ya viatu iliyoharibika," akasema.

"Kwenu dawa ya viatu mnaweka kwenye friji?"

Ni mtu wa maneno machache, meno yake yamezoea kazi nyingine. Akasema, "Nitakununulia nyingine, mama mkwe."

Nikamwambia haiuzwi, aliyeilima amekufa. Nikaingia chumbani. Addy akagonga, sikufungua.

Jumatatu, 19 Septemba

Hakuna maharagwe. Mimi sipiki tena katika nyumba hii. Nitaingia jikoni mwangu mwisho wa Oktoba.

Jumatano, 21 Septemba

Simjibu mkwe. Akinisalimia namjibu mbwa wa jirani.

Jumatatu, 26 Septemba

Nyama ya kusaga na viazi. Tamu, walisema. Hata aliyepika hakuamini.

Ijumaa, 30 Septemba

Nimempigia mdogo wangu Elsy. Ndiye pekee ninayeongea naye lugha yetu, Kimaya, siku hizi, kwa simu, na mtandao unamkatakata kama nyama. Amesema mchaya wangu, ule mti wa mboga, umekua mpaka dirishani, anakata majani anakula na mayai. Nikamwuliza kwa mbegu za maboga au bila? Akasema kwa mbegu. Nikamwambia aniambie pole pole, hatua moja moja, alivyopika. Akacheka, "Dada, wewe ndiye uliyenifundisha." Nikamwambia sema tu. Akasema. Nilifumba macho mpaka salio likaisha.

Jumatatu, 3 Oktoba

Hakuna maharagwe. Yareli ameniuliza mbona nanusa dirishani. Nikamwambia naangalia ni siku gani.

Jumatatu, 10 Oktoba

Hakuna. Nimekwisha kukunja nguo zangu kwenye mfuko. Zimebaki wiki tatu kasoro.

Jumamosi, 15 Oktoba

Jana usiku tufani imepita kwetu. Televisheni ilionyesha pwani tu, kwenye hoteli, kama vile nyuma ya hoteli hakuna watu. Elsy kapatikana leo mchana.

"Uko salama?"

"Mimi mzima. Kuku wawili wamekwenda na upepo."

"Na kwangu?"

Nikadhani simu imekatika.

"Ule mti mkubwa, mramoni, umeangukia nyumba, Fidelia. Paa lote. Na ukuta wa jiko."

"Ukuta upi?"

"Wa jiko, nimekwambia. Wa herufi."

Nilikaa. Nikamwuliza, sasa Hermilo akija atakwenda wapi? Elsy akasema ataweka sahani yake mezani kwake, pamoja na wafu wake yeye. Nikamwambia, unamjua shemeji yako. Tangu ule ugomvi wa nguruwe wenu kula mahindi yake hajakanyaga kwako miaka kumi na sita. Alikataa maji yako akiwa na kiu ya shamba, atakula pibi lako akiwa marehemu?

"Basi sijui nikuambie nini, dada."

"Nitamwita aje huku."

"Huku wapi? Wafu hawajui basi la kwenda Monterrey. Wanarudi walikokuwa wanaishi."

"Alikuwa anaishi na mimi."

Simu ikakatika kweli.

Jioni Addy akaniambia nilichokijua. Nyumba haina paa, barabara imejaa maji, daktari wangu amesema sukari imepanda. Hawanipeleki. Alisema akinishika mikono yote miwili. Hakuvunja ahadi, tufani imeivunja, hilo naliona. Lakini nilitoa mikono yangu.

Jumatatu, 17 Oktoba

Hakuna maharagwe, hakuna nyumba.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimeamua. Pibi lake nitalioka hapa, na litakuwa jeusi. Lakini kila kitu hapa ni saruji. Uani saruji, mbele saruji, hata mti wa Herlinda umesimama kwenye shimo la saruji. Nitajua la kufanya na udongo baadaye. Kwanza kiungo. Nimemtuma Addy sokoni bila kumwambia ni za nini: pilipili kavu, kilo moja. Amefurahi, akidhani narudi jikoni.

Jumamosi, 22 Oktoba

Hii nitaiandika yote, nisije nikaibadilisha nikiisimulia.

Kuchoma pilipili si kazi ya nyumbani. Kwetu unatoka kijijini, unakwenda porini, unatema mate juu uone upepo unakwenda wapi, unasimama upande wa pili na kitambaa puani. Mama yangu hakunifundisha kingine kwa ukali kama hicho. Mimi nayajua haya kuliko jina langu. Lakini asubuhi Addy alikwenda kazini, Rogelio alikuwa zamu kwenye kiwanda chake cha vioo, Yareli kwa rafiki. Nikatoka uani, nikatema mate, upepo unakwenda mlimani. Vizuri. Nikamimina spiriti kwenye pilipili, nikawasha.

Nisichokijua ni kwamba upepo wa huku ukiingia katikati ya kuta hizi hautoki. Unazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Moshi ulipanda, ukafika juu ya ukuta, ukageuka, ukateremka mtaani.

Kwanza walikohoa mbwa. Sikujua mbwa wanakohoa hivyo. Kisha watoto, kisha nikasikia milango, mtu anapiga kelele gesi, gesi, tokeni nje. Na mimi nimeshika kijiti changu nageuza, kwa sababu ukiacha katikati zinakuwa chungu na kazi yote inapotea. Machozi yananitoka, pua inanitoka, nageuza.

Gari la zimamoto lilifika na king'ora. Kijana mmoja mwenye kinyago akaruka ukuta. Akanikuta mimi, bibi mwenye aproni, na sinia jeusi.

"Bibi, nini kinaungua?"

"Chakula."

"Chakula gani kinanuka hivi?"

"Cha mume wangu."

"Mume wako yuko wapi, yuko ndani?"

"Amekufa."

Akanitazama, akamwita mwenzake, wakaanza kunitafutia maiti ndani ya nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa nimesema nini. Waliporudi walimwaga maji kwenye pilipili zangu. Mpira mzima. Zilikwenda kwenye tundu la maji machafu, nyeusi, kama wino.

Addy alifika mbio, viatu mkononi. Mtaa mzima uko nje na vitambaa puani, na Herlinda mbele yao, ndiye aliyepiga simu. Addy aliwaomba radhi mmoja mmoja. Kisha akafunga mlango.

"Mama, unataka watufukuze hapa?"

"Nilitema mate kwanza."

"Ulitema mate. Mama. Hapa si porini. Wewe huoni uko wapi? Miezi miwili unanusa dirishani, hupiki, humsemeshi mume wangu, sasa umechoma mtaa."

"Baba yako atakuja na njaa."

"Baba amekufa." Sauti yake ilipasuka. "Baba hatakuja kwa basi wala kwa moshi. Mimi pia ni wake. Mimi pia ningependa aje. Haji."

Hakunitazama tena. Mimi nilikwenda uani, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Binti uliyemzaa akikuambia jambo ulilolificha hata kwako mwenyewe, huna pa kuweka macho.

Rogelio alirudi jioni. Nilisikia wakinong'ona ndani. Akaja uani, akachuchumaa karibu na sinia, akachukua kipande kilichobaki, chenye maji, akakisugua vidoleni. Akanusa. Akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Hiki ndicho nilichotupa?"

Tangu Septemba sikuwa nimemjibu. "Ndicho," nikasema.

"Na mchakato wote ni huu?"

"Hapo bado kusaga."

Akakaa chini kwenye saruji, suruali ya kazi na yote. Hakusema samahani. Hakusema tamu. Alikaa tu anatazama vidole vyake vyeusi, mpaka Addy alipotuita.

Jumapili, 23 Oktoba

Herlinda amegonga mlango. Nikadhani amekuja kunitukana, nikajiandaa.

"Mama, mimi niliona moshi, nikakumbuka mtoto. Nilidhani Yareli yuko ndani."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Akanipa mfuko mzito. Madanzi, yamefutwa moja moja.

"Addy ameniambia unayatumia. Mimi sijui unayatumiaje na sitaki kujua, mradi usiyachome."

Nilicheka. Nilijisikia ajabu, kama kuvaa nguo ya zamani. Nikamwambia kesho apitie, nimwonyeshe. Akasema ataona. Sijui kama atapita, lakini mfuko ameuleta.

Jumatatu, 24 Oktoba

Hakuna maharagwe. Upepo wa kaskazini umeingia, baridi ya kwanza. Addy kanifunika blanketi. Nikajifanya nimelala ili asilazimike kusema.

Jumamosi, 29 Oktoba

Saa kumi na moja alfajiri Rogelio kagonga. "Vaa viatu, mama mkwe."

Akaendesha gari mpaka lami ikaisha, na baadaye njia nayo ikaisha. Mawe, miiba, mlima mtupu. Baba yake aliacha kipande cha ardhi huko, hakuna kinachoota ila meskite, mti wa miiba, na nyoka. Akashusha mfuko. Pilipili kavu, kilo mbili. Akaniambia, "Choma mpaka uchoke. Hapa zimamoto hawafiki."

Nikatema mate. Nikamwambia asimame huku. Akasimama kule, kwa sababu mwanamume akiambiwa na mama mkwe lazima asimame kule. Moshi ukamkuta. Alikimbia mlima mzima akilia kama ndama, na mimi nageuza pilipili zangu nacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Aliporudi macho yamevimba akasema, "Sasa hili pibi lenu linaokwa vipi?"

Nikamweleza shimo, mawe, kuni, majani, udongo juu.

Akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Hiyo ni barbakoa yetu ya shimoni. Babu yangu alizika kichwa cha ng'ombe hivyo hivyo. Shimo lake lile pale."

Akanionyesha. Shimo la duara, limejaa majani makavu, kuta zake nyeusi kwa moto wa zamani. Nimekaa na mtu huyu miezi miwili kwenye meza moja, nikimhesabu kuwa hajui kitu ila kugeuza nyama juu ya chuma.

Jumatatu, 31 Oktoba

Rogelio kaomba ruhusa kazini. Tulifika jua halijatoka. Tukagombana kutwa nzima, nimechoka kwa raha.

Yeye alitaka kuni nyingi, mimi mawe mengi. Yeye alitaka kufunika kwa bati na magunia mabichi, mimi nikasema bila majani juu chakula kinanuka kaburi. Hapa hakuna mpera wa kukata matawi. Majani ya mgomba ya kufungia tulinunua, lakini ya kutandika juu tulikata tu vichaka vilivyokuwepo, vinanuka dawa. Niliukanda unga na mafuta ya nguruwe mpaka viwiko. Maharagwe, kuku, mchuzi mweusi, kifuniko cha unga juu, majani, kamba. Tukalizika, tukaweka msalaba mdogo wa vijiti juu ya udongo ili asiyeonekana asije akalila kabla.

Tukakaa tunangoja. Hapo nikamwuliza, kwa kuwa tulikuwa wawili tu na mlima.

"Rogelio, chakula changu unakionaje?"

"Tamu sana, mama mkwe."

"Mgeni anaambiwa tamu sana. Mtoto mbaya wa jirani anaambiwa mzuri sana. Mimi nimekuuliza."

Alichora chini kwa kijiti. "Naogopa kukuudhi."

"Umekwisha kuniudhi kwenye friji. Kilichobaki ni kidogo."

Alitabasamu, akainuka kuangalia udongo. Tulipofukua, harufu ilinipiga kifuani. Ilikuwa yenyewe, na haikuwa yenyewe. Moshi wa meskite ni mtamu mno, unakaa juu ya ulimi kama mgeni asiyeaga.

Meza tumeiweka sebuleni. Picha ya Hermilo, kofia yake, mshumaa, maji, sigara mbili, pibi zima na chumvi kwenye kisahani kidogo cha udongo. Chumvi wafu wote wanawekewa. Yeye nilimwekea lundo. Addy alisimama mlangoni, hakuingia, lakini baadaye niliona mtu ametandika kitambaa ambacho Addy alidarizi akiwa msichana.

Jumanne, 1 Novemba

Siku ya wafu watu wazima. Nilifungua mlango wa mbele, baridi ikaingia. Nikamwita kwa Kimaya, kwa jina lake lote, nikamwambia njia: Hermilo, si kule, kule pameanguka. Pita barabara kubwa, acha bahari nyuma, njoo penye milima mikavu, nyumba ya lango la kijani. Nikamwita mara nyingi. Watu walipita, wakaniamkia, nikaitikia.

Wakala pibi. Tamu, wakasema. Yareli alitoa kuku akaacha unga.

Jumatano, 2 Novemba

Asubuhi niliamka kabla ya wote nikaenda mezani.

Mshumaa umekwisha sawasawa. Maji yako palepale. Chumvi haikuguswa hata punje, lundo limesimama kama nilivyolijenga kwa vidole vyangu. Najua wengine wanasema wafu wanakula harufu tu na vitu vinabaki. Najua. Lakini mimi naongea habari za Hermilo. Miaka arobaini na nane sikuwahi kuona mtu huyo akiiacha chumvi.

Hakuja. Ama hakujua njia, ama amekwenda kusimama mbele ya ukuta ulioanguka, anatafuta mlango.

Alhamisi, 3 Novemba

Baridi. Sikutoka chumbani.

Jumamosi, 5 Novemba

Addy ameniuliza kama meza tuiondoe. Nikamwambia wafu wanaagwa siku ya nane, iache. Akakaa kitandani kwangu. Akasema, "Jumanne nilipotoka kazini nilipita njia ndefu. Nilikuwa natazama kama kuna mtu kapotea." Kisha akaona haya. Nikamvuta kichwa nikakiweka mapajani, nikamtafuta chawa ambao hawapo, kama zamani. Tulikaa hivyo. Wote wawili hatukumwona.

Jumatatu, 7 Novemba

Leo nimepika maharagwe na nguruwe. Herlinda ndiye aliyesababisha. Jana amenipigia kelele juu ya ukuta, "Mama, mimi nimekuja mara mbili kujifunza danzi na wewe umelala." Nikaona aibu. Asubuhi nikaloweka, nikachemsha polepole, nikakamua danzi kwenye vitunguu, nikamwonyesha. Alionja, akakunja uso, akaonja tena. Ameondoka na bakuli.

Mchana tukakaa mezani. Meza ya Hermilo iko pembeni, kofia yake inatutazama. Addy akasema, tamu mama. Yareli akasema, tamu bibi, akasukuma nguruwe pembeni ya sahani. Rogelio akatia kijiko cha kwanza. Akatafuna. Akatazama sahani. Akanitazama mimi, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu.

"Imepungua chumvi, mama," akasema.

Kijiko cha Addy kilianguka sakafuni. Rogelio hakujua kwa nini, maskini. Hakuwahi kula kwetu zaidi ya mara moja, na hiyo siku Hermilo alikuwa shamba. Masikio yakamwiva. Lakini alikwisha sema, na hakurudi nyuma.

Nikaokota kijiko cha Addy. Nikakifuta kwa aproni.

"Chumvi iko mezani," nikamwambia. "Mikono ni yako."

Akatafuta. Mezani petu chumvi haikuwepo, nilisahau kuileta. Akainuka, akaenda kwenye ile meza nyingine, akachota kwa vidole viwili kwenye kisahani cha udongo.

"Rogelio, ile ni ya baba," Addy akasema.

"Mwache," nikasema. "Chukua."

Akanyunyiza, akala, akarudi akachota tena. Lundo limebaki na shimo katikati, alama ya vidole. Akafuta sahani kwa chapati yake ya ngano mpaka ikang'aa. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji, ili lipige kelele.

Kesho tunawaaga wafu. Meza nitaiondoa, kisahani nitakihamishia kwenye meza ya kulia.

Jumatatu ijayo chumvi nitaipunguza zaidi.